Marido ya Rangi ya Damu ya Mzee

Nyumba ya reli tuliyokaa nilipokuwa mtoto ilikuwa na madirisha mawili mapana upande wa mbele, na yote mawili yalitazama barabara inayoteremka kwenda stesheni. Nyumba zote za mstari ule zilijengwa hivyo, zamani, na watu ambao bila shaka hawakufikiri kwamba siku moja wao wenyewe watakaa humo. Mpita njia aliona meza, aliona viti, na akitaka aliona mnakula nini. Kwa hiyo mapazia, ambayo sisi Kindu tunayaita marido, hayakuwa urembo tu. Mwanamke aliyehamia katika mstari ule alitazamwa kwanza marido yake, upishi wake ukafuata.

Ya mama yangu yalikuwa ya rangi ya damu ya mzee, yenye maua makubwa ya manjano. Baba aliyaleta kutoka Lubumbashi zamani zile treni ilipokuwa ikitembea vizuri. Alikuwa karani wa stesheni, mtu wa Katanga aliyeletwa Kindu na kazi, akamwoa mama, binti wa familia ya Kiislamu ya hapa hapa, akaanza kusali naye. Kitambaa kile alikichagua peke yake, na nadhani ndicho kitu pekee cha nyumbani alichowahi kuchagua. Mama alikipokea, akakigeuza upande wa nyuma, akasema jua la jioni litakimaliza. Akakishonea bitana: kitambaa cheupe cha pamba, kipana sawasawa na chenyewe, kilichoelekea kwenye kioo. Jua likapiga ile nyeupe, maua yakabaki na rangi yake miaka mingi.

Vita vilikuja Kindu zaidi ya mara moja. Wanajeshi waliingia, wakaondoka, wakaingia wengine. Sikuwa na umri wa kuwatofautisha, na baadaye sikujitahidi. Treni ilisimama. Baba aliendelea kwenda stesheni kila asubuhi, akakaa kwenye meza yake, akarudi. Chumvi ilipotea, sabuni ikafuata, kisha nguo. Kilichobaki kufika mjini kilifika kwa baiskeli au kwa kichwa.

Nyumba iliyotangulia kuingiliwa katika mstari wetu ilikuwa ile ya ng'ambo ya barabara, yenye marido ya buluu ya kumeremeta. Watu walisema ni kwa sababu ya marido. Huenda ilikuwa hivyo, huenda sivyo. Hakuna aliyewauliza walioiba. Lakini kabla ya jioni wanawake wote wa mstari walikuwa juu ya viti, wanashusha. Kesho yake ukipita barabarani uliona kila mmoja alivyoamua. Huyu ameweka magunia, yule makatoni, mwingine blanketi lenye matobo.

Mama yangu alifikiri kuliko wote. Alijaribu gunia, akatoka nje kulitazama kutoka barabarani, akarudi akalitoa. Akajaribu mkeka wa majani. Akatoka tena. Baba alimuuliza anatafuta nini.

"Ninatafuta kitu yenye itasema tumeishiwa," mama alisema, "lakini si kabisa. Wakiona tumeishiwa kabisa watazani nyumba iko tupu, wataingia kulala."

Ilikuwa kweli. Nyumba mbili tatu za jirani ambazo wenyewe walikimbia zilikuwa zimekaliwa na wanajeshi, na milango yake ilikuwa imekwisha kufanywa kuni za kupikia. Mwishowe mama aliweka turubai kuukuu kwenye dirisha moja, lile lililokuwa likifunika kuni za nyuma, na kwenye dirisha la pili kikwembe, yaani kitenge chake cha zamani cha kujifunga, kimepauka lakini kimefuliwa. Turubai lilisema umaskini. Kikwembe kilisema kuna mwanamke humu, na anafua. Akatoka mara ya mwisho, akatazama, akaridhika.

Marido yenyewe aliyakunja vizuri akayaweka chini ya godoro la nyanya yangu, yaani mama yake. Nyanya alikuwa amekwisha kuchoka miguu. Alikaa mchana kutwa juu ya kitanda chake katika chumba kilichofuata saluni, yaani sebule, mlango wazi, akitusimamia sisi sote kwa mdomo. Alilalamika kwamba godoro limeinuka. Mama alimwambia avumilie, amelalia mali.

Wanajeshi walikuja kwetu asubuhi moja, wawili. Mmoja alikwenda moja kwa moja jikoni. Mwenzake, ambaye kwa sura alikuwa mkubwa wake, alisimama katikati ya saluni akitazama. Hakupiga kelele. Alitazama ukuta, akatazama meza, kisha akatazama juu ya dirisha. Pale mama alikuwa amesahau. Fimbo za chuma za kuvutia marido zilikuwa bado zimefungwa ukutani, na vikulabu vyake vyote vimejipanga.

"Mama," alisema. "Chuma iko. Vikulabu viko. Rido iko wapi?"

Mama alikuwa amesimama karibu na meza, na mimi nilikuwa nimeshika kikwembe chake kwa nyuma. Nilihisi kitambaa kikikaza.

"Nilimuzikia mama yangu," alisema.

"Unazika muntu na rido?"

"Kitambaa ilikosa sokoni, baba. Muntu anakufa, unafanya je? Unamuweka uchi?"

Mwanajeshi aligeuza shingo, akamwona nyanya juu ya kitanda, mlango ukiwa wazi kama kawaida.

"Na huyu mama muzee ni nani?"

"Mama mudogo yangu. Mudogo ya marehemu."

Akasogea mpaka mlangoni. Akavua kofia, hilo ninalikumbuka kuliko uso wake. "Pole, mama," akamwambia nyanya. "Pole kwa kufiwa na dada yako."

Nyanya alimtazama kidogo. Alikuwa amekaa wima juu ya godoro lililoinuka, mikono juu ya mapaja.

"Asante, mutoto yangu," alisema. "Alikuwa muntu muzuri sana."

Walichukua sufuria kubwa na viatu vya baba vya kazini, wakaenda. Mama alikaa chini sakafuni. Nyanya alingoja mpaka hatua zao ziishe barabarani.

"Umenizika," alisema. "Niko hai, ninasikia, umenizika. Na rido ya maua."

Alikasirika kweli. Mchana ule hakula. Lakini hasira ya nyanya haikuwahi kudumu kuliko mzaha wake, na baada ya siku kadhaa wanawake wa jirani walipokuja kumsalimia aliwapokea kwa kulalamika kwamba hawakuja kulia. "Nilikwisha kufa, ninyi hamukusikia? Hata sukari hamukuleta." Wakacheka, ingawa sukari hakuna aliyekuwa nayo. Akarudia hadithi ile kwa kila aliyefika, na kila mara aliongeza sifa za marehemu.

Mama hakucheka. Aliona ametamka jambo ambalo halitamkwi. Alipika wali kidogo kutoka katika mchele mchache tuliokuwa nao, akaupeleka wagawiwe watoto wa chuo cha Kurani karibu na msikiti, iwe sadaka. Baba alimwambia Mungu anajua kuwa alikuwa anaokoa nyumba. Mama alijibu kwamba anajua hivyo, lakini sadaka haidhuru.

Nyanya aliugua mvua zilipoanza. Ilikuwa homa, na dawa hazikuwepo. Nasema hivi wazi kwa sababu kuna watu wa familia yetu ambao mpaka leo wanasimulia kwa namna nyingine, kana kwamba maneno ya mama ndiyo yaliyoita mauti. Mtaa wetu ulizika wengi msimu ule, na wengi wao hakuna aliyekuwa amewasingizia kifo.

Alipoona mwenyewe kwamba haponi, alimwita mama. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nikichambua mchicha. Alizungumza kwa sauti ndogo, lakini ile ile ya kuamrisha.

"Usihangaike sokoni. Sanda hakuna, ninajua. Ile bitana iko nyeupe, iko kubwa, itatosha. Lakini fumua muzuri. Sitaki kwenda na uzi nyekundu."

Mama alisema, "Mama, usiseme hivyo."

"Wewe ndiyo ulianza kusema," nyanya alijibu.

Alikufa siku chache baadaye. Wanawake wa mtaa walikuja, safari hii kulia kweli. Walimhamishia mkekani, wakainua godoro, wakatoa marido. Mama alikaa kibarazani na wembe, akafumua mshono wake mwenyewe, uzi baada ya uzi, na jirani mmoja akishika upande wa pili ili kitambaa kisiburute. Kilifuliwa kwa maji ya moto na majivu, kwa kuwa sabuni hakuna. Mwalimu wa msikiti aliulizwa kama kinafaa. Aliuliza yeye mambo mawili: ni safi? ni halali yenu? Akaambiwa ndiyo. Akasema basi, kateni.

Sikuona alivyovishwa, watoto tulipelekwa nyumba ya pili. Niliona tu jeneza la msikiti likibebwa mbio mbio, kama inavyotakiwa, likipita mbele ya dirisha la turubai. Baba alikuwa mbele, na kandambili miguuni.

Kitambaa chekundu kilibaki bila bitana, kikaonekana chepesi, karibu kitu kingine. Mama hakukirudisha chini ya godoro. Kilikaa juu ya kiti cha saluni mpaka alipokuja mwanamke mmoja kutoka upande wa Kibombo. Alikuwa ametembea kwa miguu na mzigo wa mchele kichwani, akibadilisha nyumba kwa nyumba. Hakutaka fedha. Alitaka nguo. Alisema watu wa kwao wamekaa porini muda mrefu na nguo zimewaozea mwilini. Dada yake hatoki nje mchana kwa kukosa cha kuvaa. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa gunia lililoshonwa ubavuni, na juu yake shuka yenye viraka.

Mama alimwonyesha rido. Mwanamke alilishika, akalipima kwa mikono, akaliweka kifuani.

"Iko moja?"

"Ziko mbili. Chukua zote."

Walipimiana mchele kwa kikombe, bila kubishana sana. Mwanamke aliomba aingie chumbani, akatoka amejifunga rido moja kiunoni, na la pili amelikunja ndani ya kapu. Ua moja kubwa la manjano lilimkalia mgongoni. Alikunywa maji, akashukuru, akashika barabara. Mama alisogeza ukingo wa turubai akamtazama mpaka alipopinda kona. Kisha akaenda kupepeta mchele.

Hiyo ndiyo habari ya marido ya kwanza. Hatukuwahi kuwa na mengine katika nyumba ile. Hata watu waliposema vita vimekwisha, turubai lilibaki, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kulitoa, kisha kwa kuwa lilikuwa linazuia mvua. Baba alifariki. Nyumba ilikuwa ya kazi, akapewa mfanyakazi mwingine, nasi tukahama.

Sasa ninakaa Alunguli, upande wa pili wa mto, katika nyumba tuliyojenga mimi na mume wangu kidogo kidogo. Yeye ni fundi wa pikipiki, mzaliwa wa Obokote. Mama anakaa nasi. Nyumba ilipata kuta, ikapata bati, na hatimaye madirisha yakapata vioo, na vyuma vya kuzuia wezi tunavyoviita antivoli. Marido hayakupatikana. Kwenye vioo tulibandika karatasi za kalenda, na jua likazipausha mpaka miezi ikawa haisomeki.

Mume wangu hakuona tatizo. "Kwetu dirisha ni ya kutolea moshi," alisema. "Giza ikiingia unafunga ubao. Rido ya kufanya nini?"

"Ili watu wasione ndani."

"Wakiona, wataona viti. Hawajaona viti?"

Mazungumzo hayo tuliyarudia mwaka mzima, bila ugomvi. Mwisho alichoka, akasema nikanunue, yeye atatengeneza fimbo.

Nilivuka mto na mama. Kwenye mtumbwi alishika kapu lake mapajani. Sokoni upande wa marido umekua sana siku hizi. Yanakuja tayari kutoka Goma, kwa ndege, yameshonwa na kuwekwa pete za chuma juu, ndani ya mifuko ya plastiki. Yapo ya satini mazito, yapo ya dantela, yaani lesi, ambayo hayafichi kitu, yapo ya rangi mbili. Mwuzaji alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye subira. Alifungua mfuko mmoja baada ya mwingine na kuning'iniza kila rido kwenye kamba juu ya kichwa chake.

Nilikuwa nimekwenda nikijua ninachotaka. Katikati ya rundo niliona kitambaa cha rangi ya damu ya mzee. Maua hayakuwa ya manjano, yalikuwa ya dhahabu, madogo kuliko yale, lakini kilikaribia. Nilikivuta nikampa mama akishike. Sijui nilitegemea nini. Labda alie kidogo, labda aseme neno ambalo ningeweza kulibeba mpaka nyumbani.

Mama alikipima uzito mkononi, kama mtu anayepima samaki.

"Hapana," alisema.

"Mama, inafanana na zile za nyumba ya reli."

"Ninaona inafanana. Zile zilikuwa nzito kufua. Unaloweka, unakamua, mikono inauma, na haikauki. Wewe hukuzifua."

"Nitafua mimi."

"Utafua saa ngapi? Asubuhi unaenda kazini, unarudi jioni. Nani anakaa nyuma ya hizo rido muchana yote? Mimi. Acha nichague."

Mwuzaji alitazama chini ili asitabasamu. Mama aliweka kile chekundu pembeni, akaanza kupekua mwenyewe. Alinyoosha, akakunja ngumi ndani ya kitambaa, akaachia kuona kama kinabaki na mikunjo. Alilowesha kidole mate akasugua pembe kuona kama rangi inatoka. Mwisho akachagua kijani hafifu, rangi ya ndizi ambayo haijaiva, kitambaa chepesi kisicho na ua hata moja. Sikukipenda. Nilikiona kama kitambaa cha ofisi. Lakini nilikuwa nimekwisha kushindwa, nikamwambia mwuzaji afunge vya saluni na vya chumba chetu.

"Na ya chumba ya mama?" mwuzaji aliuliza.

"Mimi sitaki," mama alisema. "Dirisha yangu inatazama jirani. Tunazungumuza."

Nilifikiri tumemaliza. Mama hakuondoka. Alikuwa anatazama majora yaliyosimamishwa nyuma ya mwuzaji, vitambaa vya kukata kwa mita. Akaonyesha kimoja cheupe cha pamba, akaomba aguse. Akakishika muda mrefu kuliko alivyoshika kingine chochote siku ile.

"Nikatie hii," alisema, na akataja urefu.

"Hii ni ya bitana, mama?" mwuzaji aliuliza. "Kwa hizi za kijani si lazima, na kama ni bitana itapunguka."

"Hapana, mwanangu. Si ya rido. Ni ya mimi."

Mwuzaji alinitazama, akamtazama mama, akaelewa. Hata yeye, nadhani, alitoka katika familia ambazo wazee huiweka sanda yao sandukuni. Alipima kitambaa taratibu, akaongeza kidogo mwishoni bila kusema, akakata. Mimi nilisimama na mfuko wa marido. Nilitaka kusema mama, usifanye hivyo leo, tumekuja kwa jambo lingine. Nilisema tu:

"Mama, uko muzima."

"Ndiyo, niko muzima," alisema. "Na kitambaa iko. Nanunua sasa, wakati iko."

Alilipa kwa fedha yake mwenyewe, aliyoifunga kwenye pindo la kikwembe. Hakukubali nimsaidie. Alikunja kile cheupe, akakiweka chini kabisa ya kapu, na juu yake tukaweka marido ya kijani, na juu ya marido mafungu ya sombe, majani ya muhogo, tuliyonunua tukirudi mtoni. Ndani ya mtumbwi alinieleza bei ya sombe ilivyopanda. Nilimsikiliza.

Mume wangu alitengeneza fimbo kwa bomba la maji, akazipaka rangi nyeupe, akazifunga. Moja ilikaa upande. Alishuka, akatazama, akapanda tena, akapima kwa uzi. Mtu aliyesema mwaka mzima kwamba dirisha ni la moshi alitumia Jumapili nzima kunyoosha fimbo, kisha akabishana nami kama pete ziwe zote upande mmoja au zigawanywe. Chumbani kwetu, hata hivyo, hakukubali kushindwa. Alichonga mbao mbili, akazifunga nje na bawaba. Kwa hiyo ndani tuna rido na nje tuna ubao, na wageni wakiuliza kila mmoja wetu anajibu kwa upande wake.

Kile kijani, nakubali, kinafaa. Mchana saluni inakuwa na mwanga wa majimaji, wa kupendeza, na rido likifuliwa asubuhi linarudi dirishani kabla ya mchana kuisha. Mama amekaa pale karibu kila siku, kiti chake kimesogezwa kando ili upepo umpate. Kazi yake kubwa sasa ni kumchunga mume wangu. Huyo anarudi kutoka gereji na mikono ya oili, na tabia yake ya kwanza akiingia ni kusogeza rido aone kama pikipiki aliyoiacha nje iko salama.

"Mikono, mukwe wangu!" mama anamwambia, kabla hajafika dirishani.

"Samahani, mama," anasema, anageuka, na anazunguka nyuma ya nyumba kunawa.